Asili ya Neno Arwana

Kibao kilianza kutoa jasho saa moja asubuhi, na kuanzia dakika hiyo hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo karibu na chumba chake.

Subilaga alikitazama kupitia kioo kinene. Kilikuwa kidogo tu, hakizidi kiganja cha mtu mzima, rangi yake kama chapati iliyoungua upande mmoja, na kona ya kushoto ilishakatika kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Kilikaa kikavu miaka elfu tatu na mia tatu, chini ya kifusi cha Hattusa, mji wa kale katika nchi ambayo sasa ni Uturuki. Leo ukungu wa vuguvugu ulikuwa ukikipuliza kutoka pande nne, taratibu, na madoa meusi ya unyevu yalianza kutambaa juu ya maandishi yake.

Nje nako ulikuwa ukungu mtupu. Mwezi wa pili juu ya uwanda wa Kitulo ni mwezi wa maua na mawingu yanayotembea chini chini kama watu wanaotafuta kitu walichoangusha. Wageni huuliza kwa nini Nyumba ya Kimya ilijengwa huku kwenye baridi ya kugandisha vidole. Jibu ni kwamba hakuna treni, ndege hazipiti, na upepo ukitulia unaweza kumsikia ng'ombe akitafuna upande wa pili wa bonde. Kazi ya nyumba hii ni kusikiliza, na mahali pa kusikilizia pamebaki pachache duniani.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Udongo mbichi husikia. Mtu akisema karibu nao, sauti yake hutikisa chembe zake, na udongo ukikauka, mtikisiko ule hubaki umelala ndani. Waandishi wa Hattusa walikuwa wakichora alama zao kwenye vibao vibichi huku waganga na makuhani wakitamka maneno kando yao. Vibao vingi havikuingia tanuruni, vilianikwa tu, kwa hiyo vinaweza kulainishwa tena. Vikishatoa jasho kwa saa tano, chembe hulegea, mwanga mwembamba hupita juu yake, na mashine huzigeuza kuwa sauti. Ila kila chembe iliyoguswa na mwanga hulala moja kwa moja. Kibao husikika mara moja tu tangu kuumbwa kwa dunia hadi mwisho wake.

Kuna jambo la pili, ambalo wanafunzi hufundishwa siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Kibao kinachotoa jasho kimekuwa kibichi tena, kwa hiyo nacho kinasikia. Ukikohoa mbele yake, umekohoa juu ya maiti aliyekuwa anataka kusema.

Subilaga aliandika saa kwenye daftari la mlangoni, akaifunga milango mitatu mmoja baada ya mwingine, akaenda kwenye chumba cha chai, ambako kusema kunaruhusiwa.

*

Profesa Nuriye alikuwa amekaa karibu na jiko, blanketi la sufu mabegani, miguu ndani ya soksi mbili mbili. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuja kutoka Ankara akiwa na mume, masanduku sita ya vitabu na Kiswahili cha kuombea maji tu. Mume alishazikwa, vitabu vilishaliwa na unyevu, na Kiswahili chake kilikuwa kimekomaa hadi kwenye matusi ya sokoni Mbeya.

"Kinatoka vizuri?" aliuliza.

"Vizuri, Mama. Saa sita kamili tutakuwa tayari."

Nuriye alimmiminia chai ya maziwa. Subilaga alikigonga kikombe mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko, ko, kisha akanywa. Mikono yake ilikuwa ikifanya hivyo bila kumuuliza. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kule ziwani Nyasa, na mtoto wa mfinyanzi hajui kupokea chombo bila kukigonga asikie kama kina ufa.

"Miaka thelathini na moja," alisema Nuriye. "Kitenzi kimoja. Wenzangu wamefasiri sheria nzima, mikataba ya wafalme, mimi nimekaa na neno moja kama kuku na yai."

Neno lenyewe lilikuwa arwana. Katika Kiluwi, lugha iliyokufa zamani kule Hattusa, liliandikwa arwanati, yaani mganga yule hufanya kitendo hicho, na lilipatikana mara mbili tu katika vibao vyote vilivyochimbuliwa. Mara zote mbili lilikuwa katika dawa ya mama aliyefiwa na mtoto, na kibao cha pili ndicho hiki kilichokuwa kikitoa jasho leo. Mama ameketi, kibao husema, mganga arwanati. Anafanya nini? Hakuna aliyejua, mpaka Kibao cha Kwanza kiliposikilizwa miaka tisa iliyopita. Sauti ya bibi mzee ilitamka arwanati, na mara baada yake ukasikika mwanamke akilia.

Dunia nzima iliusikia ule mlio. Nuriye aliandika katika kamusi yake: arwana, kumlilia mwenzako, kulia badala ya aliyeishiwa machozi. Haukupita mwaka neno likatoka kwenye kamusi likaingia mitaani. Vikajengwa vyumba vya arwana, ambamo mfiwa hukaa peke yake kwenye kiti laini na kusikiliza sekunde saba za kilio kilichovuka miaka elfu tatu kuja kumkuta. Watu walitoka humo wakiwa wepesi. Wakaanza kusema misibani, tumekuja kuwaarwania, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba neno hilo liliwahi kutokuwepo.

"Nilipomzika mume wangu Kemal nilikuwa mkavu kama mfupa," alisema Nuriye, akiuangalia moto. "Nikakaa na kile kilio siku nzima. Nikamwambia yule mwanamke, lia wewe, mimi siwezi. Akalia. Sasa kabla sijafa nataka nimsikie mara ya pili." Alijifuta pua kwa kona ya blanketi. "Kakifundishe kichujio. Tumia rekodi nzima ya Kibao cha Kwanza. Ile ya sekunde saba imekatwa na kupambwa mno."

*

Kichujio kilikuwa sehemu ya mashine inayochagua. Chembe za udongo hubeba kila kitu: upepo, mbuzi, mwandishi kuvuta makamasi. Mashine haiwezi kuokoa vyote kwa sababu mwanga unapita mara moja na kwa kasi. Kwa hiyo huonyeshwa kwanza sauti inayotafutwa, nayo hushika zinazofanana na hiyo, nyingine huziacha zipotee. Leo ingeonyeshwa kilio.

Subilaga alivaa visikizio. Cha ajabu, katika miaka tisa hakuwahi kuisikia rekodi nzima. Kibao cha Kwanza kilipowekwa jasho alikuwa mwanafunzi, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kukaa nacho chumbani alfajiri hadi mchana, kimya, akiangalia ukungu usizidi. Zamu ilipokwisha aliondoka moja kwa moja kwenda Ikombe kumaliza matanga. Habari za kilio zilimkuta kijijini. Baadaye alikisikia redioni, misibani, kwenye simu za watu, kila mara kikiwa kimeshushwa na kufanywa kizito na mashine ili kirudi, walisema, kwenye koo la zama zake.

Wiki mbili zilizopita alikisikia kwenye msiba wa mjomba wake. Vijana walikipiga kwenye spika mchana, watu wakainamisha vichwa. Mama yake aliyekaa naye kwenye mkeka alisikiliza, akasogeza mdomo sikioni mwake.

"Huyu mwanamke wa zamani analia kama wewe," alisema. "Unavuta pumzi kabla hujamaliza. Tangu mdogo."

Subilaga alitabasamu tu. Mama yake huona watoto wake kila mahali.

Sasa alibonyeza, rekodi ikaanza, mbichi, bila mapambo. Bibi mzee alitamka neno lake. Baada ya hapo kikaja kilio, chembamba kuliko alivyokizoea, na ndani yake pumzi iliyovutwa kabla hakijamalizika. Sekunde saba zikapita. Rekodi ya dunia huishia hapo. Hii iliendelea. Ilikuwa na sekunde nne zaidi, zilizokatwa kwa kuitwa kelele, na katika sekunde ya kumi Subilaga akasikia, kwa udhahifu lakini wazi, ko, ko.

Alivua visikizio akaviweka mezani polepole.

Kilichomrudia kwanza ni harufu. Chumba kile cha jasho kilikuwa na harufu ya udongo ulioloa, harufu ya ua wa mama yake, na asubuhi ile ya zamu zilikuwa zimepita siku kumi na mbili tangu mwanawe Lugano azikwe. Lugano alikuwa na miaka minne. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Nyumbani watu walikuwa wengi mno, wakimwambia ajikaze, naye akajikaza vizuri sana, mpaka alipojikuta peke yake mahali penye joto na harufu ile. Alikumbuka kuinamisha kichwa. Alikumbuka paji la uso wake likigusa fremu ya kibao. Alidhani alilia kwa ndani. Siku zote hizo alidhani alilia kwa ndani, kisha akainuka, akakigonga kibao kidogo kama mama yake anavyogonga chungu, kuona kama bado ni kizima.

Kwa hiyo kilikuwa kilio chake. Miaka tisa dunia imekuwa ikimlilia Lugano bila kujua jina lake, na yeye mwenyewe ameinamisha kichwa misibani kwa heshima ya sauti yake.

Alicheka kidogo, halafu akaogopa. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na nusu.

Angeweza kunyamaza. Aliliangalia wazo hilo kwa makini, maana halikuwa baya kwa kulitazama. Vyumba vya arwana vingebaki. Nuriye angekufa na neno lake mkononi. Yeye Subilaga angeendelea na kazi pekee anayoijua, kwa sababu sheria ya Nyumba ni moja: aliyetia sauti yake kwenye kibao haingii tena humo maisha yake yote. Ni nani angeumia?

Aliuangalia mlango wa kwanza kati ya ile mitatu. Nyuma yake kibao cha mwisho kilikuwa kikilainika, na ndani yake kulikuwa na kitu alichofanya yule bibi, kitu halisi, mara ya pili na ya mwisho. Kichujio kingeingia humo kikimtafuta Subilaga. Chochote kisichofanana naye kingeitwa kelele na kupotea. Mara ya kwanza alimfunika yule bibi bila kujua. Mara hii angemfunika akijua.

Na jasho halirudishwi nyuma. Kibao kikikaushwa haraka hupasuka.

*

"Mama, nina neno."

Nuriye alikuwa akimenya viazi vya mchana. Hakuinua macho. "Kichujio kimegoma?"

"Kile kilio si cha Hattusa."

"Cha wapi basi?"

"Changu."

Kisu kilisimama. Subilaga akaeleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, kuanzia harufu hadi ule mlio wa kugonga mwishoni. Alipofika kwenye ko, ko, Nuriye aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa akikitazama kikombe cha Subilaga kilichokuwa bado mezani.

"Miaka tisa," alisema Nuriye. "Kila kikombe nilichokupa. Mara mbili, kisha unakunywa. Nilidhani ni dua."

"Nisamehe, Mama."

"Usiniombe msamaha sasa, sina pa kuuweka." Aliweka kisu chini. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

Sura ya Nuriye ikawa ya mtu anayetafuta mlango katika nyumba yake mwenyewe gizani. Alipoanza tena kusema, sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, na Subilaga alihuzunika kuisikia, kwa sababu mama huyu hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Sikiliza, mwanangu. Ulilia kweli?"

"Kweli."

"Kwa mtoto wako."

"Ndiyo."

"Basi uongo uko wapi? Mama aliyefiwa amelia, waliofiwa wamemsikia, wamepata nafuu. Hayo yote ni kweli. Tumekosea tarehe tu."

"Mama, ningeweza kukaa na hilo. Naapa ningekaa nalo." Subilaga alivuta kiti akakaa. "Shida ni kile kibao. Tukikitega kichujio kwa kilio changu, tutapata kilio, hata kama hakimo. Kitaokoteza upepo kikaushone uwe mimi. Na yule bibi tutakuwa tumemfuta. Neno lako ulilolilalia miaka thelathini na moja, hutalijua. Utajua langu tu."

Nuriye aliinuka. Alichukua koti lake msumarini, akafungua mlango wa nje, ukungu ukaingia hadi kwenye jiko, naye akatoka bila kuufunga.

Subilaga alimalizia kumenya viazi. Hakujua la kufanya na mikono yake. Kupitia dirisha aliona kivuli cha koti kikienda mbali kati ya maua, kikipotea, kikirudi, kikipotea tena, hadi hakuwa na hakika kama anamtazama mtu au anakumbuka tu kwamba kulikuwa na mtu. Alimwonea huruma. Nuriye alikuwa amefiwa na mume mara ya pili.

Saa tano na dakika ishirini Nuriye alirudi, nywele zimeloa, pua nyekundu.

"Kiondoe kichujio," alisema.

"Bila kichujio mashine haitaokoa hata nusu. Lazima iambiwe kitu cha kushika."

"Haitaambiwa. Mtu akae kitini, asikie moja kwa moja chembe zinapoamka, achague yeye cha kushika kwa kubonyeza kitufe. Tulifanya hivyo zamani kabla ya vichujio." Alimtazama usoni. "Na huyo mtu ni wewe."

"Mimi sina ruhusa tena, Mama. Tangu saa tatu na nusu."

"Masikio yangu yana miaka sabini na mmoja na yamezaliwa kwenye ghorofa. Yako yamezaliwa kwenye udongo. Kesho utaandika barua yako, nami nitaandika yangu, na mlango huu utafungwa nyuma yako, siwezi kukuokoa na hilo. Leo nenda kakae."

*

Kiti cha msikilizaji kilikuwa kirefu, cha kulalia, na kilikuwa hakijatumika kwa miaka mingi. Subilaga alilala, akafumba macho. Saa sita kamili mwanga ulianza kutembea juu ya kibao.

Kwanza ulikuja uvumi mpana usio na umbo, na ndani yake Subilaga akahisi anazama kama mtu anayeingia ziwani kwa mgongo. Kulikuwa na jua mahali fulani. Kulikuwa na nzi. Mtu alisogeza kigoda juu ya sakafu ya mawe. Kila sauti ilipita mara moja, ikamgusa, ikafa, naye hakunyoosha kidole, aliziacha. Alisikitika kidogo kwa ajili ya yule nzi, aliyengoja miaka elfu tatu kusikika na sasa amekwisha.

Kisha bibi akaanza kusema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye kazi nyingine baada ya hii. Mama ameketi. Subilaga alikiweka kidole tayari juu ya kitufe. Bibi akatamka: arwanati.

Hakikufuata kilio.

Kilifuata kitu kama mbubujiko mfupi, halafu mpulizo wenye matone, pffff, mrefu kidogo. Baada yake kiganja, pa, pa, pa, polepole, kikizunguka. Halafu msuguano laini, wa kidole gumba kikipita juu ya ukingo uliolowa, kikirudi, kikipita tena. Subilaga alikandamiza kitufe kwa nguvu hata kidole kikauma. Pa, pa, pa. Alijua mkono uko wapi. Alijua umeinama kiasi gani. Alitaka kuita, na akajizuia kwa kuuma kanga yake, ingawa sasa ilibaki kona tupu tu ya kibao.

Mwanga ulifika kwenye kona iliyokatika ukazimika.

*

Nuriye alizisikiliza zile sekunde kumi na nne mara sita. Uso wake ulikuwa mtupu.

"Ni maji," alisema mwishoni. "Mtu anapuliza maji. Anampiga mgonjwa makofi? Mimi sielewi, mwanangu. Afadhali ungeniachia kilio."

"Hampigi," alisema Subilaga. "Ngoja nikuonyeshe."

Hakukuwa na udongo, kwa hiyo alichukua bakuli akalifunika mdomo chini juu ya meza.

"Mama yangu hafinyangi chungu kwa siku moja. Leo anatengeneza mdomo na tumbo, anakiacha kikaze kidogo, kesho anakipindua na kufunga kitako. Sasa usiku ukiwa na upepo, ule ukingo anaotaka kuunganishia unakauka. Ukibandika udongo mpya juu ya ukingo mkavu haushiki. Utaonekana umeshika, lakini ukianikwa unabanduka. Wengine wanakitupa chungu. Mama hakitupi." Alijaza maji mdomoni kutoka kwenye gilasi, akayapuliza juu ya bakuli, pffff, matone yakaruka hadi kwenye karatasi za profesa. Kisha akaanza kupapasa kwa kiganja, pa, pa, pa, akilizungusha bakuli, na mwisho akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake. "Anakilowesha tena. Taratibu, mpaka kikubali. Akiharakisha kinapasuka. Kikishakubali ndipo anaongeza udongo."

Nuriye hakuyafuta maji kwenye karatasi. Alikuwa akitafuta kitu katika daftari kuukuu.

"Mwanzoni mwa dawa," alisema, "kuna orodha ya vitu vya kuletwa. Maji, na udongo kutoka nyumba ya mfinyanzi. Siku zote nilisema ni wa kutengenezea sanamu. Lakini hakuna sanamu popote katika kibao. Niliona hakuna, nikaendelea kusema." Alifunga daftari. "Neno la wafinyanzi. Waganga walilichukua kwao. Mama ameketi, na mganga anamlowesha tena."

"Ili aweze kuungwa na kitu."

"Ili aweze kuungwa," Nuriye alirudia, akalisema tena kwa Kiluwi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

Ukungu nje ulikuwa umeanza kupanda na maua ya karibu na dirisha yalionekana moja moja.

"Na wale watu?" Subilaga aliuliza. "Wale wa vyumbani."

"Wataambiwa. Wapo watakaokasirika, na haki yao. Wapo watakaorudi kusikiliza vilevile, maana waliyekuwa wakimsikiliza yuko hai na walikuwa hawajui." Alifungua kamusi yake kwenye kioo cha mezani, akalitafuta neno, akafuta maana aliyoiandika miaka tisa iliyopita. Hakusita. Akaandika: *arwana, Kiluwi: kulowesha tena kilichokauka, taratibu, ili kiungwe. Asili yake ni kazi ya wafinyanzi.* Akashuka mstari. *Arwana, Kiswahili: kumlilia mwenzako aliyeishiwa machozi.*

"Hilo la pili huliondoi?"

"Nani atawanyang'anya? Wanalisema kila siku. Neno lililo hai lina asili, na mimi kazi yangu ni kuiandika." Aliiacha kalamu hewani. "Mtoto aliitwa nani?"

Miaka tisa hakuna mtu katika nyumba ile aliyemuuliza. Si kwa ubaya. Walikuwa watu wa kimya. Subilaga alifungua mdomo na koo lake halikutoa kitu. Alijaribu tena. Alishangaa jinsi lilivyokuwa kavu, jinsi lilivyokuwa kavu muda wote huo, huku sauti yake ikizunguka dunia ikiwalilia wengine.

Nuriye hakumharakisha. Alichovya kiganja chake kwenye gilasi ya maji, akakiweka juu ya mkono wa Subilaga uliokuwa mezani, akaupapasa. Mara moja, mara mbili, polepole. Akachovya tena.

Ilichukua muda. Chai ilipoa, viazi vikaiva vikapitiliza.

"Lugano," alisema Subilaga.

Nuriye aliandika chini ya ile maana ya pili, herufi moja moja, kwa mkono uliolowa: *Asili: Subilaga, mama wa Lugano. Kitulo.*